Nyanya Zilizopona Bila Kibali

Nyuma ya stoo ya kampuni kulikuwa na pipa la buluu lililokatwa sehemu ya juu, na hapo ndipo wapiga dawa walipokutana kila asubuhi kuchanganya dawa. Dawa ilikuja kwenye mifuko ya karatasi ngumu. Ilikuwa poda nyeupe, laini kuliko unga wa ngano, na ukiimwaga kwa pupa ilipanda juu na kutua kwenye kope. Zamani kulikuwa na mti wa kukorogea. Ulipovunjika, msimamizi alisema hakuna haja ya kutafuta mwingine, kwa sababu mti haujui madonge, mkono ndio unaoyajua. Basi wanawake wale walikunja mikono ya nguo na kukoroga mpaka viwikoni, huku wakizungumza habari za watoto, za wakwe na za bei ya sabuni, kisha kila mmoja akajaza bomba lake, akalibeba mgongoni, akaingia shambani.

Mmoja wao aliitwa Mama Pacha. Mumewe alikufa akamwachia mabinti pacha, nyumba ya bati na wifi. Huyo wifi, dada mkubwa wa marehemu, alikuja msibani na begi dogo, na begi lile hakulifungasha tena. Nyuma ya nyumba alilima nyanya, upande wa pili wa uzio wa kampuni. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na watu wawili wa nyanya: mmoja alizitunza za kampuni, mwingine alizitunza za kwao, na jioni waligombana nani kachoka zaidi.

Kampuni nayo ililima nyanya, shamba baada ya shamba, mpaka macho yachoke. Kwa miaka mingi nyanya zote za upande ule ziliugua ugonjwa wa kujikunja majani. Nzi weupe, wadogo kuliko punje ya mchele, walibeba virusi kutoka mche hadi mche. Jani lilianza kuwa njano pembeni, kisha likajikunja kama kiganja kinachoficha kitu, maua yakadondoka, na mche ukabaki umesimama tu, hauzai wala haufi. Nzi unaweza kumuua. Virusi huwezi, maana vimo ndani ya jani lenyewe. Mkulima alichobakiwa nacho kilikuwa kung'oa na kuchoma.

Ndipo kampuni ikaleta poda nyeupe. Daktari wa Majani, mwanamke kijana ambaye ndiye aliyeitengeneza, aliwakusanya wapiga dawa kivulini mwa stoo akawaeleza. Ulikuwa udongo, alisema, uliosagwa kwa teknolojia ya nano mpaka chembe yake ikawa ndogo kuliko kitu chochote walichowahi kukiita kidogo. Kila chembe imebeba ujumbe. Inakaa juu ya jani, inauachia ujumbe polepole, jani linausoma na kujua sura ya virusi, na virusi vikija linavikatakata vipande.

"Na sisi tukiivuta?" aliuliza Shangazi.

"Imetengenezwa kwa ajili ya jani," alisema Daktari.

Hilo halikuwa jibu, lakini lilisemwa kwa upole, na wanawake wakarudi kazini.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkubwa wao tu. Ndiye aliyemfundisha Mama Pacha kutembea na upepo mgongoni, kufunga kanga puani na kutokunywa maji kabla ya kunawa. Ndiye pia aliyekwenda kwa msimamizi kuomba glavu. Glavu zilikuwepo. Zilikaa stoo, kwenye kabati la kioo, mpya, za buluu, bado zimeshikamana mbili mbili. Msimamizi alimwambia hizo ni za wageni. Na kweli siku walipokuja wageni wenye kamera, wapiga dawa wote walivishwa glavu, wakapigwa picha wamesimama kwenye mistari ya nyanya wakicheka, na wageni walipopanda magari, glavu zilikusanywa zikarudi kabatini.

Dawa ilifanya kazi, hilo halikatazwi kusemwa. Majani ya nyanya za kampuni yalinyooka. Maua yalishika. Matunda yaliilemea miche mpaka ikahitaji kufungwa kwenye miti. Ng'ambo ya uzio, nyanya za wifi ziliendelea kujikunja, kwa sababu poda ile haikuuzwa kwa watu wadogo.

Shangazi alianza kukohoa wakati wa mvua. Alikohoa poda. Ilitoka nyeupe kwenye leso yake, akaikung'uta mlangoni akaenda kazini. Muuguzi wa kampuni alisema ni umri. Alipokufa, kampuni ilipeleka shada la maua ya plastiki, na msimamizi alisema maneno machache mazuri kuhusu watu wanaojituma. Magugu yaliyoota juu ya kaburi lake yalikuwa ya kijani kibichi kabisa, hayana jani moja lililojikunja, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama magugu.

Mikono ya Mama Pacha ilianza kwa kuwasha. Kisha ikavimba. Kisha ngozi, kuanzia ncha za vidole mpaka viwikoni, ikabadilika rangi ikawa kama udongo wa mfinyanzi uliolowa, na ukiigeuza kwenye jua ilimetameta kidogo. Alikwenda kwa msimamizi akamwonyesha.

"Hiyo ni sabuni unayofulia," alisema msimamizi.

Alikwenda kwa muuguzi, akapewa mafuta ya kujipaka. Alikwenda kwa Daktari wa Majani, akamkuta kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, anakula ndizi.

"Mama, chembe hizi haziwezi kupita kwenye ngozi ya binadamu," alisema Daktari. "Haiwezekani kabisa."

"Basi hii ni nini?"

"Sijui. Lakini si sisi."

Vidole vyake vilipovimba hadi vikashindwa kubana kishikio cha bomba, msimamizi alimwambia akapumzike nyumbani. Hakumwambia mpaka lini, na wote wawili walielewa. Mama Pacha alipita kwenye baraza la migogoro ya kazi, akaeleza shida yake dirishani, akaambiwa ataitwa. Akaenda nyumbani kwa miguu. Njiani hakulia. Alitembea amekaza meno hivi kwamba alipofika, wifi yake alimuuliza kama anaumwa jino.

Asubuhi iliyofuata aliamka akamkuta wifi shambani, amesimama katikati ya miche iliyojikunja, jembe begani.

"Leo naing'oa," alisema wifi. "Nimeivumilia vya kutosha. Mtu huwezi kulisha wagonjwa ambao hawafi."

"Nikusaidie."

"Na mikono hiyo?"

"Kung'oa siyo kushona."

Mama Pacha akainama, akaushika mche wa kwanza karibu na shina, akaanza kuuvuta. Jani lililokuwa karibu na kidole gumba lilijikunjua. Kisha la juu yake, kisha la juu zaidi, taratibu, kama watoto wanaoamshwa mmoja mmoja, mpaka ncha ya mche ikanyooka na rangi ya njano ikaondoka pembeni mwa majani yote.

Wifi aliutazama. Aliweka jembe chini.

"Huo usiung'oe," alisema.

"Nimeona."

"Shika na huu."

Mama Pacha akaushika na huo. Wakaenda mstari mzima, yeye akishika, wifi akifuata nyuma akichungulia chini ya majani. Jua lilipokuwa kali walikuwa wamemaliza shamba lote. Wakakaa kwenye kizingiti cha jikoni wakanywa chai.

"Sasa nishike na goti hili," alisema wifi. "Linaniuma tangu msimu uliopita."

"Goti lako si nyanya."

"Mimi nina wajukuu. Mimi ni nyanya tangu zamani."

Mama Pacha akamshika goti. Goti halikupona. Wakakubaliana kwamba mikono ile haielewi utani.

Habari ilifika kwa jirani kabla vikombe havijaoshwa. Alikuja fundi cherehani, ambaye alilima nyanya kidogo uani kwake. Alikuja mjane wa mwalimu. Wakaja na wengine, kila mmoja akieleza shamba lake liko wapi na jani linakaaje, kama watu wanaoeleza maumivu kwa daktari. Mama Pacha alikwenda kote. Alitembea kati ya mistari ameinua mikono yake ya udongo, akigusa huku na huku, na nyuma yake miche ilinyooka. Hakuna aliyepiga kelele. Walimwambia ahsante, wakamletea maji ya kunywa, na mjane wa mwalimu alimshonea mfuko wa kuwekea mikono ili isiungue jua, maana bado iliuma. Hilo watu walilisahau haraka. Iliponya majani, na usiku mwenye nayo hakulala kwa mwasho.

Msimu ule sokoni kulikuwa na nyanya nyekundu za kampuni na nyanya nyekundu za watu, zimepangwa meza kwa meza, na mnunuzi hakuweza kuzitofautisha. Kampuni ililigundua hilo kwa upande wake.

Wa kwanza kuja alikuwa Daktari wa Majani. Alikuja peke yake, na hadubini ndogo kwenye sanduku. Alimkuta Mama Pacha anaanua nguo. Akamwomba mkono, akaukwangua kidogo kwa kisu chembamba, akaweka ukwanguo kwenye kioo, akainamia hadubini yake juu ya meza ya jikoni kwa muda mrefu. Wifi alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Zimepita," alisema Daktari hatimaye. Alisema polepole, kama mtu anayejisemesha. "Zimo ndani. Zimekaa chini ya ngozi, nzima kabisa, zinaachia ujumbe."

"Ulisema haiwezekani," alisema Mama Pacha.

"Nilisema hivyo."

"Kwa hiyo utawaambia?"

Daktari alifunga sanduku lake. "Nimeziona," alisema. "Lakini kuona si kuthibitisha. Kuthibitisha kunachukua muda." Akaaga kwa heshima akaondoka, na alipofika njiani alisimama akageuka nyuma, kisha akaendelea.

Wa pili alikuwa mwanasheria wa kampuni. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa tope, na alivua viatu vile mlangoni bila kuambiwa. Wifi alimkaribisha nyanya kwenye kisahani. Alikataa, akasema kwa adabu kwamba hawezi kula ushahidi.

"Mama, hatujaja kukulaumu," alimwambia Mama Pacha. "Hukuiba kwa makusudi. Tunasema tu kwamba kilichomo mikononi mwako ni mali ya kampuni, na umekuwa ukikigawa."

"Mliniambia hakiwezi kuingia."

"Kuingia ni suala la afya. Umiliki ni suala jingine."

"Kama hakikuingia, mnadai nini?"

"Mama, hayo ni maswali mawili, na kila swali lina ofisi yake."

Mama Pacha aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Alitaka kusimama, lakini mikono ndiyo angejiinulia, na siku ile ilikuwa imevimba.

"Basi ichukueni," alisema. "Kama ni yenu, ichukueni muondoke nayo. Mniachie yangu."

Mwanasheria alifikiria jambo hilo kwa makini. "Tuliliangalia," alisema. "Haitaweza kufanya kazi peke yake."

Baraza la migogoro ya kazi lilimwita muda si mrefu baadaye. Kwa kuwa kampuni nayo ilikuwa imefungua shauri lake, mwenyekiti aliamua yasikilizwe pamoja ili watu wasipotezewe wakati. Chumba kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka bila kutoa upepo. Upande mmoja walikaa Mama Pacha na wifi yake. Upande wa pili walikaa msimamizi, mwanasheria na Daktari wa Majani.

Muuguzi wa kampuni alishaandika barua kukubaliana na msimamizi kwamba ni sabuni. Msimamizi aliapa kwamba glavu zipo na zimekuwepo siku zote, na hilo lilikuwa kweli. Daktari aliulizwa kama chembe zinaweza kupita kwenye ngozi.

"Hakuna utafiti uliokamilika unaoonyesha hivyo," alisema. Alisema akiutazama ukuta.

Kisha wakaleta mche mgonjwa kwenye kopo. Mwenyekiti alimwomba Mama Pacha aushike. Aliushika, majani yakanyooka mbele ya watu wote, na mwenyekiti akaandika. Kulikuwa na karani mmoja aliyesogeza kiti ili aone vizuri. Mwanasheria alisema hilo linathibitisha dai lao.

"Kuna lolote la kuongeza, mama?" aliuliza mwenyekiti.

Mama Pacha akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, na yote yalimpotea.

"Nina swali," alisema. "Shangazi tulikoroga naye pipa moja. Alikohoa poda mpaka akafa, na hizo chembe amezikwa nazo kifuani. Nazo ni zenu?"

Msimamizi alijikuna shingo. Mwanasheria akainama akanong'ona na mtu wa nyuma yake, kisha akainuka.

"Ndiyo," alisema. "Tunashukuru kwa kutukumbusha."

Uamuzi ulitolewa siku ileile, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mwenyekiti alisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba chembe za kampuni ziliingia kwenye mikono ya mlalamikaji, kwa hiyo kampuni haiwajibiki kwa maumivu yake. Akaendelea kwamba, kwa kuwa chembe zilizomo kwenye mikono ya mlalamikaji ni mali ya kampuni, mlalamikaji haruhusiwi kugusa mmea wowote usio wa kampuni. Na mimea yote iliyokwishaguswa iondolewe.

Wifi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, hapo umesema ziliingia au hazikuingia?"

"Nimesema vyote viwili," alisema mwenyekiti, na akaita shauri linalofuata.

Kaburi la Shangazi lilizungushiwa waya wiki hiyohiyo. Waliweka kibao kinachosema eneo hilo ni la kampuni na kwamba ndugu wanaweza kuingia kwa kuomba ruhusa ofisini, saa za kazi. Mtoto wake wa kiume aliomba ruhusa akapewa. Alisema mlinzi alikuwa mtu mzuri, alimshikia mwavuli.

Kisha walikuja kung'oa nyanya.

Waliotumwa walikuwa wapiga dawa wenyewe, wale wanawake wa pipa moja, kila mmoja na jembe begani. Msimamizi alitangulia. Walikuja saa za asubuhi, jua limeshapanda, na shamba la wifi lilikuwa zito kwa matunda, mengine mekundu, mengine yakianza kugeuka rangi. Wifi alikuwa na kikapu mkononi, tayari kuchuma.

"Mimea hii imepona bila kibali," alisema msimamizi.

"Mngeiambia mapema," alisema wifi, "ingeomba."

"Mama, mimi nimetumwa."

"Basi niache nichume kwanza. Mche uchukue, tunda uniachie."

Msimamizi alitazama chini. Alisema tunda nalo ni sehemu ya mche.

Wanawake wakaanza. Mmoja alilia huku aking'oa, mwingine alifanya haraka ili amalize, na mwingine alipofika karibu na Mama Pacha alimwambia kwa sauti ndogo, "Dada, nisamehe, nina watoto." Mama Pacha alimwitikia kwa kichwa. Hakuwa na hasira naye. Hasira yake yote ilikuwa imeshapata pa kwenda, na ilikuwa kubwa mno kwa mwanamke mwenye jembe la kuazima. Miche mizima, yenye majani yaliyonyooka, ililazwa katikati ya shamba ikamwagiwa mafuta ya taa. Nyanya zilipasuka motoni moja baada ya nyingine. Harufu yake ilikuwa nzuri, kama jikoni, na hilo ndilo lililomfanya wifi aketi chini na kikapu chake kitupu. Mabinti pacha walirudi kutoka shule wakakuta moshi. Walisimama pamoja kando ya uzio na mabegi mgongoni, hawakuuliza kitu, kisha mmoja akaenda kumletea yule dada wa baba yao maji.

Kutoka pale walikwenda kwa fundi cherehani, na kwa mjane wa mwalimu, na kwa wengine. Mpaka jioni moshi ulikuwa umesimama sehemu nyingi. Fundi cherehani alimpita Mama Pacha njiani bila kumsalimia. Kesho yake alimsalimia. Alisema hana neno naye, ila nyanya zake zingeendelea kuugua tu, leo angekuwa bado nazo.

Mtu asiyeruhusiwa kugusa mmea hana kazi nyingi za kufanya upande ule. Hawezi kulima, hawezi kupalilia, hawezi kufagia uani penye majani, hawezi kuuza mboga. Mama Pacha alijaribu kufua nguo za watu, lakini sabuni iliichubua ngozi yake ya udongo. Alikaa nyumbani. Wifi alianza kupima kwa macho unga uliobaki. Ndipo msimamizi alipokuja, amevaa shati safi, akaleta ujumbe kwamba kampuni ina nafasi.

Alikubali kwa shingo upande. Kazi ilikuwa kwenye vitalu vya miche, chini ya nailoni ndefu nyeupe, penye joto la mvuke. Miche michanga ilipangwa kwenye meza, trei kwa trei, mpaka mwisho wa macho. Kazi yake ilikuwa kupita na kuigusa. Asubuhi mlinzi alimvua glavu getini, jioni alimvisha, zikafungwa na kikufuli kidogo kwenye kila kifundo ili asije akasahau njiani. Zilikuwa zile glavu za buluu kutoka kabatini. Zilikuwa ndogo kwake.

Muda si mrefu kampuni iliona kwamba mikono yake ni rahisi kuliko poda. Pipa lilikauka nyuma ya stoo, na wapiga dawa waliambiwa wakapumzike nyumbani. Baadhi yao walikuwa wameshaanza kuwashwa mikono. Mwanasheria aliwatembelea, mmoja mmoja, akavua viatu mlangoni.

Daktari wa Majani alipita kitaluni siku moja na kalamu sikioni. Alisimama upande wa pili wa meza.

"Nilitaka kusema," alisema. "Pale barazani."

"Hukusema."

"Sikusema."

"Unataka nikwambie si kitu?"

Daktari alinyanyua trei moja, akaitazama chini, akairudisha mahali pake sawasawa. "Majani yanaendelea vizuri," alisema, na Mama Pacha akamwangalia mpaka akatoka.

Nyumbani, wifi alimpakulia chakula akakaa mbele yake. Tangu nyanya zichomwe, wifi hakufanya utani mwingi.

"Wifi," alisema, "si uiache hiyo miche ife?"

"Nimejaribu."

"Umejaribu vipi?"

Mama Pacha akamweleza. Alisema kwanza alijaribu kuigusa kwa juujuu, kwa ncha ya kucha. Ikapona. Akajaribu kuigusa huku anaifikiria vibaya, mche kwa mche, akiuambia moyoni ukauke, ukauke na shina. Ikapona. Akajaribu kupita meza nzima mikono imefungwa mgongoni, na miche ya pembeni ikanyooka yenyewe alipokuwa anapita, kwa sababu chembe zilishajaa kwenye jasho.

"Labda hasira hazitoshi," alisema wifi.

"Zinatosha," alisema Mama Pacha. "Zinatosha na kubaki. Tatizo jani halijui ni la nani."

Siku iliyofuata alikwenda kazini kama kawaida. Mlinzi alimfungulia vikufuli, akamtakia kazi njema. Ndani ya kitalu jasho lilikuwa limeshaanza kudondoka kutoka kwenye nailoni. Alianza na trei ya pembeni, penye mche mmoja uliokunjamana kuliko yote, njano tupu, umelala. Aliushika kiganjani. Aliukaba kama anavyokabwa mtu shingo. Akamfikiria Shangazi akikung'uta leso mlangoni, akafikiria kikapu cha wifi, akafikiria viatu vilivyopangwa vizuri kwenye kizingiti chake, na akaendelea kukaba mpaka maumivu yakamfika begani.

Alipofungua kiganja, mche ulisimama. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, mazuri kuliko ya meza yote. Mama Pacha aliutazama kidogo, akalifuta jasho lake kwenye jani, akanyoosha mkono kuelekea mche mwingine.